Janga la ugonjwa likiingia: mwongozo wa kukusanya akili na mikono ya watu wengi

Kila ugonjwa mpya unapoanza kusambaa, maswali ninayopokea huwa yaleyale. Nifungue kundi la WhatsApp au la Telegram? Nitengeneze programu ya simu? Wa kujitolea nitawapata wapi? Nikiweka mchoro wangu hadharani, kuna atakayenishtaki? Nimeyajibu kwa vipande vipande mara nyingi mno, kwa hiyo sasa nayaweka mahali pamoja ili anayeanza asome na aende kazini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuendesha kazi ya wazi: unauweka mbele ya umma mzigo fulani, watu usiowajua wanaleta mawazo, michoro, takwimu au muda wao, na mwishowe kinatoka kitu kinachotumika. Hauhusu kutengeneza chanjo wala kutibu. Na jambo moja nalitanguliza kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote: wakati wa janga mawazo huwa hayaadimiki. Kinachoadimika ni swali lililonyooka na watu wa kuchambua majibu. Ukivipata hivyo viwili, hata kundi la WhatsApp litakutosha. Ukivikosa, programu nzuri namna gani haitakuokoa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mwenye shida mmoja: muuguzi, mfamasia, mkuu wa maabara, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Awe anapokea simu yako na kukujibu ndani ya siku moja.
- Watu watatu wa msingi: mratibu, mhakiki na mtunza kumbukumbu. Mtu mmoja asishike kofia mbili kati ya hizo, hasa uratibu na uhakiki.
- Mtaalamu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "hapana" na hapana yake ikaheshimiwa.
- Ukurasa mmoja wa kumbukumbu unaosomwa na kila mtu, ulio nje ya kundi la gumzo.
- Fomu fupi ya kujiandikisha yenye maswali yasiyozidi matano.
- Leseni ya kazi itakayotoka, iliyochaguliwa kabla mtu wa kwanza hajachangia chochote.
- Anwani ya ofisi ya afya inayohusika na eneo lako. Wajulishe mapema, usisubiri waje kukuuliza.

Tovuti, nembo, fulana na jina la kuvutia si mahitaji. Nimeona makundi yakibishania nembo juma zima huku mwenye shida akisubiri.

Hatua ya 1: Mtafute mwenye shida, kisha umsikilize mpaka mwisho

Mwenye shida ni yule ambaye kesho asubuhi atakutana tena na tatizo hilohilo akiwa kazini. Aliyesoma habari zake akahuzunika bado hajawa mwenye shida. Mwulize: nini kimekwama? Sasa hivi mnafanyaje? Kitu kikija, nani atakipokea na nani atakubali kitumike?

Machi 2020, hospitali ya Chiari, kaskazini mwa Italia, iliishiwa vali za Venturi, kijidude cha plastiki kinachochanganya oksijeni na hewa kabla haijamfikia mgonjwa. Msambazaji hakuweza kuzileta kwa wakati. Cristian Fracassi na Alessandro Romaioli wa kampuni ndogo ya Isinnova waliichunguza vali yenyewe, wakaichora upya, wakaichapa kwa printa ya 3D, na madaktari wakaijaribu palepale. Kazi ilienda upesi kwa sababu aliyekuwa na tatizo, aliyechora na aliyejaribu walikuwa wakionana uso kwa uso.

Mwaka huohuo watu wa nchi nyingi walichora mashine za kupumulia za gharama ndogo. Nyingi hazikufika kitandani kwa mgonjwa hata mmoja. Wachoraji wengi hawakuwa na daktari wa usingizi wa kuwaambia mapema kwamba kusukuma hewa ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye kudhibiti shinikizo lisiumize mapafu, kutambua mgonjwa anapojaribu kuvuta pumzi mwenyewe, na kupiga king'ora bomba linapochomoka. Mazungumzo ya nusu saa na daktari mmoja yangewaokolea wengi majuma ya kazi.

*Onyo:* Usikubali mwenye shida wa kukisia, yaani "hospitali zitahitaji" au "wananchi watapenda". Kama huwezi kutaja ni nani na yuko wapi, bado hujamaliza hatua hii.

Hatua ya 2: Tazama kama kuna walioanza

Tenga saa mbili za kutafuta. Ukikuta kundi linalofanya kazi hiyohiyo, jiunge nalo hata kama jina lao hulipendi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na wakati wa janga manahodha huota kama uyoga. Ukiona lazima uanzishe chako, andika kwa sentensi moja unachofanya wewe ambacho wao hawafanyi, na uwatumie hiyo sentensi.

Hatua ya 3: Andika swali

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Swali baya linaonekana hivi:

"Tuleteeni mawazo bunifu ya kupambana na ugonjwa huu."

Utaletewa mamia ya majibu: roboti, tembe za mizizi, programu za simu kumi na mbili zinazofanana, na ushauri wa kunawa mikono. Hutaweza kuyachambua, na waliojibu watakasirika kwa kutopata jibu.

Swali linalofanya kazi ni kama hili:

"Wauguzi wa wodi ya magonjwa ya kupumua huvaa kinga ya uso zamu nzima. Zilizopo zinaingia ukungu na ukanda wake unachubua paji la uso. Tunataka kinga inayoshuka mpaka chini ya kidevu na kuzunguka mpaka karibu na masikio, isiyo na sponji inayonyonya maji, inayostahimili kufutwa kila zamu kwa dawa ya klorini ya wodini, na inayoweza kutengenezwa kwa mkasi, stepla na karatasi ya plastiki angavu, bila printa. Hatuhitaji barakoa wala miwani. Leta mchoro wenye vipimo na picha za hatua za kuunganisha. Tunafunga kupokea Ijumaa jioni. Jumatatu wauguzi watajaribu michoro mitano itakayopita mchujo."

Angalia kazi ya kila kipande. "Isiyo na sponji" inaondoa michoro mingi mara moja, kwa sababu sponji hufyonza majimaji na ni vigumu kuitakasa. "Bila printa" inafungua mlango kwa mtu mwenye meza na mkasi tu. "Hatuhitaji barakoa" inazuia nusu ya jumbe zitakazokujia. Tarehe mbili za mwisho zinamwonyesha mchangiaji kwamba kuna mtu anasubiri upande wa pili. Na mambo yote hayo yalitoka kwa muuguzi. Hakuna hata moja ambalo mratibu angelibuni akiwa amekaa kwake.

Swali likinyooka hivyo, hata sayansi ngumu hufunguka kwa umma. Mradi wa COVID Moonshot ulianza Machi 2020 kwa kuwaomba wanakemia popote walipo wapendekeze molekuli za kuzuia kimeng'enya kimoja tu cha virusi, kile kikuu kinachokata protini zake. Waliitwa wakiwa tayari wamewekewa mezani data za vipande vya molekuli vilivyoonekana kunasa kwenye kimeng'enya hicho, zilizotoka maabara ya Diamond Light Source ya Uingereza. Mapendekezo yaliyoletwa yalipita 18,000. Yalichambulika kwa sababu yalikuja kwa umbizo moja, yakapangwa kwa kompyuta na wanakemia, kisha machache yakatengenezwa na kupimwa.

Kabla ya kulitangaza swali lako, mpe mtu asiyehusika alisome, kisha akueleze kwa maneno yake anatakiwa kuleta nini. Akibabaika, rudi mezani.

Hatua ya 4: Kata kazi vipande vidogo

Mtu wa kujitolea ana watoto, ana kazi, na huenda naye anaumwa. Mpe kipande anachoweza kukimaliza akiwa amekaa mara moja. Wachora ramani wa OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na umma na iliyo wazi kwa kila mtu, wanaijua mbinu hii vizuri. Ebola ilipozuka Guinea mwaka 2014, wajitolea wa Humanitarian OpenStreetMap Team walichora barabara na majengo ya Guéckédou na miji jirani kwa kutazama picha za setilaiti. Eneo lote hukatwa miraba. Mtu huchukua mraba mmoja, huuchora, huuweka alama kwamba umekamilika, na mtu wa pili huukagua. Hakuna haja ya mchoraji kulielewa janga zima.

Kwa kazi yako, andika kadi. Mfano wa kadi ya kukusanya takwimu:

> Kazi: Namba ya wagonjwa waliolazwa, mkoa mmoja, leo.
> Muda: Dakika 20.
> Fanya: Fungua taarifa ya leo ya mamlaka ya afya (kiungo kiko juu). Nakili namba ya waliolazwa *sasa hivi*, si ya waliolazwa *tangu mwanzo*. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Jaza mstari mmoja kwenye jedwali na uambatishe picha.
> Usifanye: Usikadirie. Namba isipokuwepo, andika "haikutolewa". Usiweke sifuri.
> Ukimaliza: Badili hali iwe "inasubiri mhakiki".
> Ukikwama: Acha mstari ulivyo, andika tatizo kwenye safu ya maelezo, chukua kadi nyingine.

Hiyo sentensi ya sifuri usiidharau. Sifuri ni taarifa: inasema hakuna mgonjwa. Nafasi tupu inasema hatujui. Mtu mmoja akizichanganya, mchoro wa takwimu utaonyesha ugonjwa umekwisha siku ambayo ofisi ilifungwa tu.

Kwa kazi ya vitu vya mkono, kadi inaweza kuwa "tengeneza kinga moja kwa maelekezo haya, andika ulipokwama", au "tafsiri maelekezo haya kwa lugha unayoizungumza". Watu wengi hudhani hawana la kuchangia kwa kuwa si wahandisi. Kadi ndiyo itakayowaonyesha kwamba wanalo.

Hatua ya 5: Fungua mlango kidogo kidogo

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kutangaza kabla kazi hazijawa tayari. Machi 2020 Uingereza iliomba watu 250,000 wa kulisaidia shirika lake la afya, NHS, kwa kupeleka dawa na kuwapigia simu waliojitenga. Ndani ya siku chache walijiandikisha takriban 750,000, usajili ukasimamishwa kwa muda, na wengi wakakaa majuma na simu zao bila kupewa kazi yoyote. Moyo wa watu ulikuwepo. Mfumo wa kuwapangia kazi ndio uliolemewa.

Fanya hivi:

1. Andaa kadi kwanza, ziwe nyingi kuliko watu unaowatarajia siku ya kwanza.
2. Alika watu wachache unaowafahamu. Waache wafanye kadi hizo na wakuambie zilipowapoteza.
3. Sahihisha kadi, ndipo utangaze kwa umma.
4. Kila anayejiandikisha apate jibu na kadi ya kwanza siku hiyohiyo. Asiyepata kazi mapema ni vigumu kumrudisha.
5. Kadi zikikaribia kwisha, funga fomu na uandike wazi: "Tunafungua tena Jumatano."

Na kuhusu WhatsApp: litumie kundi kwa salamu, matangazo na kutiana moyo. Uamuzi wowote uliofikiwa humo mtunza kumbukumbu auhamishie kwenye ukurasa wa kumbukumbu kabla siku haijaisha. Anayejiunga kesho hawezi kusoma jumbe mia nane za jana, na hapaswi kulazimika.

Hatua ya 6: Hakiki kila kitu kwa macho manne

Aliyefanya kazi asiwe ndiye anayeikagua. Kanuni ni hiyo tu, lakini inavunjwa kila siku kwa kisingizio cha haraka.

Kwenye takwimu, chukua mfano wa COVID Tracking Project ya Marekani. Wajitolea walikusanya kila siku namba zilizotangazwa na majimbo, mmoja akiingiza na mwingine akikagua, huku picha za skrini za kurasa rasmi zikihifadhiwa kama ushahidi. Walichokigundua ndicho kitakachokukuta na wewe: maneno yanafanana, maana zinatofautiana. Jimbo moja lilihesabu vipimo, lingine lilihesabu watu waliopimwa. Mengine yalichanganya vipimo vya virusi na vya kingamwili. Kwa hiyo kila safu ya jedwali lako iwe na sentensi inayoeleza kinachohesabiwa, na namba zenye maana tofauti zisijumlishwe.

Kwenye vifaa, kila mchoro uandikwe hali yake kwa herufi kubwa, juu kabisa:

- WAZO: haijatengenezwa.
- IMEJARIBIWA MEZANI: imetengenezwa, haijavaliwa wala kutumiwa kazini.
- IMEJARIBIWA NA MTUMIAJI: mhudumu ameitumia katika mazingira salama na maoni yake yameandikwa.
- IMEIDHINISHWA: mamlaka husika imeikubali, kwa matumizi yaliyotajwa tu.

Hali hiyo iandikwe pia ndani ya faili lenyewe, kwa sababu picha husambaa bila ukurasa wake. Isinnova walipotengeneza kiungio cha kugeuza barakoa ya kuogelea kuwa barakoa ya kupumulia hospitalini, walisema waziwazi kwamba kifaa hakijaidhinishwa, ni cha dharura pale vya kawaida visipopatikana, na mgonjwa atie saini kukubali. Huo ndio uungwana wa kazi hii.

*Onyo:* Chochote kinachoingia mwilini, kinachogusa hewa anayovuta mgonjwa, au kinachodai kutibu, kisitoke mikononi mwa kundi bila mtaalamu na mamlaka husika. Kinga ya uso yenye kasoro huleta usumbufu. Mashine ya kupumulia yenye kasoro huua. Dawa ya kienyeji iliyosambazwa na kundi lako itakuwa na jina lako.

Hatua ya 7: Leseni na matoleo

Faili lisilo na leseni, kisheria, mtu mwingine hana uhakika wa kulitumia, hata kama uliliweka wazi kwa nia njema. Kwa maandishi na picha, leseni ya Creative Commons inayodai kutajwa jina tu inatosha. Kwa programu, MIT au GPL. Kwa michoro ya vifaa, ipo familia ya leseni za CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia. Chagua moja, iweke kwenye fomu ya kujiandikisha, na mchangiaji aikubali kabla ya kutuma. Ukisubiri mpaka kitu kiwe maarufu, utalazimika kuwatafuta wachangiaji wote mmoja mmoja.

Kuhusu matoleo: Prusa Research, kampuni ya printa za 3D ya Czechia, ilipotoa mchoro wake wa kinga ya uso Machi 2020, matoleo yalifuatana kwa majina ya wazi, RC1, RC2, RC3, kila moja likirekebisha lililotangulia. Kwa hiyo mtu popote alipo aliweza kusema "nina RC2" na akaeleweka. Wewe pia toa namba, andika kilichobadilika kwa mstari mmoja, na usilibadilishe faili kimyakimya. Weka na faili la asili linaloweza kuhaririwa. Anayepewa faili la kuchapa peke yake hawezi kuongeza hata milimita tatu kwa ajili ya muuguzi mwenye kichwa kikubwa.

Hatua ya 8: Linda taarifa za watu

Usikusanye usichokihitaji. Kama swali lako ni idadi ya wenye homa kwa kata, huna kazi na majina, namba za simu wala nyumba. Taarifa za watu wengi zina nguvu hata bila majina: programu ya COVID Symptom Study ya Uingereza, iliyoanza Machi 2020, ilisaidia kuonyesha kwamba kupoteza uwezo wa kunusa ni dalili ya kutiliwa maanani, kutokana na watu waliokuwa wakijaza dalili zao wenyewe kila siku.

Ramani ndiyo hatari zaidi. Nukta iliyowekwa juu ya nyumba moja ni tangazo la unyanyapaa. Onyesha eneo, na eneo likiwa na wagonjwa wachache sana, liunganishe na jirani yake. Amua pia, kabla ya kuanza, siku ambayo taarifa zitafutwa.

Hatua ya 9: Kabidhi, kisha urudi kutazama

Kukabidhi si kutuma kiungo. Nenda, au mtume mtu aende, akaone kinavyotumika.

Februari 2020 huko Taiwan, mhandisi Howard Wu alitengeneza ramani ya upatikanaji wa barakoa iliyojazwa na umma. Watumiaji wakafurika, gharama za huduma ya ramani zikapaa. (Somo la haraka: huduma ya bure ina kikomo, kisome kabla hujajulikana.) Serikali, kupitia waziri Audrey Tang, ikafungua data za akiba ya maduka ya dawa kwa kila mtengeneza programu, zikisasishwa kila sekunde 30, na g0v, jumuiya ya watengeneza programu wa kujitolea, ikajenga zana nyingi juu yake. Hata hivyo wafamasia wengine walilalamika: wao waligawa namba za foleni asubuhi na kusajili mauzo baadaye, kwa hiyo ramani ilionyesha barakoa zipo ilhali zote zimeshapata wenyewe. Data zilikuwa sahihi, utaratibu wa dukani ndio ramani haikuujua. Malalamiko ya namna hiyo yatafute mwenyewe, usingoje yakufikie.

Hapa niseme neno kuhusu hakathoni, yaani mkusanyiko wa siku chache ambapo watu hubuni suluhisho kwa pamoja. Ni njia nzuri ya kuanza. Estonia ilifanya Hack the Crisis tarehe 13 Machi 2020 na nchi nyingi zikaiga. Ile ya Ujerumani, WirVsVirus, ya tarehe 20 hadi 22 mwezi huohuo, ilivuta zaidi ya watu 28,000 na miradi kama 1,500. Lakini saa 48 hutoa vielelezo, hazitoi vitu vya kutumika. Wajerumani walifuatisha programu ya miezi kadhaa ya kuiendeleza baadhi ya miradi, na ndiyo sehemu ngumu. Kama huna mpango wa Jumatatu inayofuata, usiitishe hakathoni Ijumaa.

Hatua ya 10: Panga siku ya kufunga

Andika mapema kazi itakwisha lini au kwa dalili gani: akiba ya kawaida imerudi, ofisi ya afya imeanza kutoa takwimu hizo yenyewe. COVID Tracking Project ilitangaza mapema kwamba itaacha kukusanya, na ikaacha tarehe 7 Machi 2021, baada ya mwaka mmoja, ikabaki kuhifadhi kumbukumbu zake. Fanya vivyo hivyo: acha faili mahali pa kudumu, andika "haisasishwi tena" juu, washukuru watu kwa majina kama wameruhusu.

Mambo yakikwama

*Wamejiandikisha wengi, wanaofanya ni wachache.* Ni kawaida, usiwasute. Tazama kadi: zikichukua zaidi ya nusu saa, zikate tena. Kisha mtumie kila mmoja kadi mahususi kwa jina lake badala ya kuuliza kundi zima "nani yupo?"

*Kundi limejaa uzushi na video za kusambazwa.* Fanya matangazo yatumwe na wasimamizi pekee, na fungua sehemu ya pili ya mazungumzo. Uzushi wa tiba ufutwe papo hapo pamoja na sababu ya mstari mmoja. Usibishane nao hadharani, unausambaza.

*Wachoraji wawili hawaelewani.* Usipige kura. Tengeneza zote mbili, mpe mwenye shida, aamue.

*Takwimu mbili rasmi zinapingana.* Usichukue wastani. Onyesha zote, taja chanzo na saa ya kila moja, na muulize mtoaji. Mara nyingi utakuta mmoja anahesabu kwa tarehe ya kupimwa na mwingine kwa tarehe ya kutangazwa.

*Mhakiki amechoka, foleni imerefuka.* Simamisha kupokea kazi mpya leo hii. Wapandishe wajitolea watatu makini kuwa wahakiki, wakague kazi ambazo majibu yake unayajua, halafu uwaachie foleni.

*Mtu ameanza kuuza mchoro wetu.* Kama leseni uliyochagua inaruhusu biashara, ana haki, na huenda anawafikia watu usiowafikia. Mdai jambo moja: aandike toleo na hali ya uhakiki. Akiandika "imeidhinishwa" wakati haijaidhinishwa, toa taarifa kwa mamlaka.

*Mwenye shida amenyamaza.* Piga simu, usitume ujumbe. Kama yuko zamu, muulize mwenzake wa zamu. Huenda shida imekwisha au imegeuka: walihitaji kinga za uso, sasa wanahitaji glavu. Siku mbili zikipita bila jibu, sitisha kadi zote za swali hilo na uwaeleze watu sababu. Usiendelee kutengeneza kwa mazoea, maana vitu vitarundikana stoo na hutakuwa na wa kumpa.